Nyumba ya Ukumbusho Chini ya Ardhi

MAZUNGUMZO YA KILA MWEZI
Na Mwalimu wa Chuo, Nyamwaga



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana kuwa mbali nasi, nalo ni ziara ya makumbusho ya mgodi wa makaa ya mawe. Yaani shimo la zamani lililochimbwa likaachwa, kisha likafanywa mahali pa watu kushuka, kutazama na kuuliza. Sababu ya kulichagua ni barua. Kijana mmoja niliyemsomesha hapa Nyamwaga, ambaye sasa anafanya kazi kaskazini ya Uingereza, ameniandikia kwamba aliwapeleka watoto wake wawili katika makumbusho ya namna hiyo karibu na mji wa Wakefield. Ameeleza aliyoyaona, kisha akaniuliza: "Mwalimu, watu hawa wamekwisha kuyafunga mashimo yao makubwa, lakini wanayatunza kama mtu atunzavyo hati ya shamba. Sisi tuna dhahabu mlangoni, na vijana wetu wanafia humo. Je, tumehifadhi nini?"

Swali hili halijibiki kwa neno moja. Kwanza yafaa tujue makumbusho yenyewe ni kitu gani, na kwa nini watu wenye akili zao hufunga safari ili washuke katika shimo la giza ambalo baba zao walitamani kutoka. Kisha tutarudi kwetu Mara, maana swali ni la kwetu.

SHIMO LENYEWE

Makumbusho aliyokwenda kijana wetu yako mahali paitwapo Caphouse, kati ya miji ya Wakefield na Huddersfield, katika nchi ya Yorkshire. Hapo palikuwa na mgodi wa kweli, wala si wa kuigiza, na historia ya shimo lake yafika karne ya 18. Mgodi ulifungwa mwaka 1985, na mwaka 1988 ukafunguliwa tena, mara hii si kwa kuchimba bali kwa kufundisha. Mwaka 1995 ukapewa cheo cha makumbusho ya taifa ya uchimbaji wa makaa.

Mgeni afikapo hupewa kofia ngumu na taa. Kabla ya kushuka huagizwa atoe kila kitu kiwezacho kuleta cheche: kiberiti, simu, saa ya betri na kamera. Agizo hilo si adabu ya mlangoni tu. Katika makaa hutoka hewa iitwayo methani, isiyoonekana wala kunukia, nayo ikichanganyika na hewa ya kawaida kwa kadiri fulani, cheche moja yatosha kuilipua. Basi mgeni hupata somo la kwanza kabla hajaona jiwe hata moja, ya kwamba huko aendako uzembe wa mtu mmoja waweza kuwa kifo cha wote.

Kisha huingia katika kizimba cha chuma, akashushwa kwa kamba ya waya kiasi cha mita 140. Kwa msikiaji hilo ni hesabu tu. Lakini apige mfano wa minazi sita mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwenziwe, naye yuko kwenye mzizi wa ule wa chini, na kila kilicho juu yake ni mwamba.

Huko chini hakuna vioo wala mazulia. Kuna njia nyembamba, dari inayomlazimu mtu kuinama, na nguzo za miti na za chuma zilizosimamishwa ili mwamba usianguke. Makaa ya mawe hukaa kama karatasi iliyobanwa ndani ya kitabu, tabaka moja kati ya matabaka mengi ya mawe, na pengine unene wake haufiki mita moja. Kwa hiyo mchimbaji wa zamani alilala ubavu akapiga kwa sururu fupi, huku maji yakimdondokea. Makaa aliyoyapata yalivutwa kwa vigari vidogo, na katika migodi mingi waliovuta walikuwa wanawake na watoto. Baadaye wakaja farasi wafupi walioishi humo humo shimoni, wenye mazizi yao chini ya ardhi. Na baadaye tena mashine zenye meno ya kukwangua mwamba. Mgeni hupitishwa zama baada ya zama, hata akafika siku ambazo watu wazima wa leo wanazikumbuka.

GIZA LA MTOTO WA MLANGONI

Katikati ya ziara, kiongozi huwaambia wageni wazime taa zao. Kijana wetu anasema amekulia kijijini, na usiku wa kijijini anaujua. Lakini usiku wetu una nyota, au una moto wa jikoni kwa jirani, na macho hatimaye huzoea. Giza la shimoni halizoeleki, kwa maana hakuna nuru hata chembe ya kuyasaidia macho. Binti yake mwenye umri wa miaka minane alimkamata mkono, asiseme neno mpaka taa zilipowashwa.

Nimetaja umri wa mtoto kwa makusudi. Katika migodi ya Uingereza ya karne ya 19, watoto wa umri huo, na hata wadogo kuliko huo, ndio waliokaa katika giza hilo peke yao. Kazi yao ilikuwa kuketi nyuma ya mlango wa mbao. Milango hiyo iliongoza hewa ipite kila upande wa mgodi, na ilipasa kufungwa wakati wote; kigari kikija, mtoto alivuta kamba mlango ukafunguka, kikipita akaufunga. Alifanya hivyo muda wa saa 12 kwa siku, na wengi hawakuwa na taa, kwa kuwa mshumaa ulikuwa na bei. Lakini mtoto akilala usingizi mlango ukabaki wazi, hewa nzuri ilikosa njia yake, na ile mbaya ikajikusanya. Hivyo roho za watu wazima wengi zilitegemea macho ya mtoto yaliyokuwa hayaoni kitu.

Tarehe 4 Julai 1838, huko Silkstone, katika Yorkshire hiyo hiyo, ilinyesha mvua kubwa ya mawe na radi. Mashine ya mvuke iliyokuwa ikipandisha watu ikasimama. Watoto waliokuwa chini wakajaribu kutoka kwa njia nyingine ya mteremko, na kijito kilichofurika kikaingia kwa njia hiyo hiyo kikawabana mlangoni. Walikufa watoto 26, wavulana 15 na wasichana 11. Mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 7, na mkubwa wao miaka 17.

Watu wa Silkstone hawakuwazika watoto hao na kunyamaza. Walisimamisha jiwe wakaandika majina na umri wa kila mmoja, na jiwe hilo lasomeka hata leo. Tume ikaundwa kuchunguza kazi za watoto migodini. Ikawahoji watoto wenyewe, na taarifa yake ya mwaka 1842 ikawafadhaisha watu waliokuwa wakiota moto wa makaa majumbani mwao bila ya kujua yametoka vipi. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuwakataza wanawake, wasichana, na wavulana walio chini ya miaka 10 wasifanye kazi chini ya ardhi.

Yafaa kuongeza kwamba si kila nyumba ilishangilia sheria hiyo. Zilikuwapo familia zilizolalamika, kwa sababu ujira wa mtoto ulikuwa sehemu ya chakula cha usiku. Msomaji aliye karibu na machimbo yetu atayafahamu malalamiko hayo, naye asiyacheke.

NDEGE, TAA NA KIPANDE CHA SHABA

Katika makumbusho haya vitu vinavyowekwa mbele ya mgeni ni vidogo, na kila kimoja kina habari yake. Kuna kitundu cha ndege wa manjano aitwaye kanari. Moto au mlipuko ukitokea mgodini huacha hewa ya sumu isiyo na harufu, na ndege huyo huanguka kabla ya mwanadamu kudhurika, ndipo watu wakajua kwamba wakimbie. Uingereza ilianza kuwaondoa ndege hao mwaka 1986, vyombo vya kupimia hewa vilipochukua nafasi yao. Kuna taa iliyobuniwa mwaka 1815 na mwanachuoni Humphry Davy, ambayo mwali wake umezungushiwa wavu mwembamba wa waya ili joto lisitoke nje kuwasha methani.

Nacho kilichonigusa kuliko vyote katika barua ni kipande cha shaba. Kila mchimbaji alikuwa na namba yake iliyochorwa juu ya kisahani kidogo. Ashukapo, kipande chake huonyesha kwamba yuko chini. Apandapo, hukirudisha mahali pake. Yakitokea maafa, mtu wa juu hakuuliza, "Je, fulani aliingia leo?" Alitazama ubao. Kwa kitu kidogo kama hicho ilijulikana ni wangapi wa kutafutwa, na ni mlango wa nani wa kubishwa.

Hata hivyo, asidhani msomaji kwamba vyombo na sheria vilimaliza msiba. Tarehe 14 Oktoba 1913, huko Senghenydd katika nchi ya Wales, mlipuko uliwaua wachimbaji 439, na mtu mmoja zaidi akafa katika kuwaokoa wenzake. Mgodi huo huo ulikuwa umekwisha kulipuka mwaka 1901 ukaua watu 81. Sheria ya mwaka 1911 ilikuwa imetaka mapangaboi ya kuvuta hewa yaweze kugeuzwa ili moshi usiwafuate watu, na hapo jambo hilo lilikuwa halijatimizwa. Baada ya kesi, meneja alitozwa faini ya jumla ya pauni 24. Wajukuu wa marehemu hawakuisahau hesabu hiyo, na mwaka 2013, miaka 100 kamili baada ya msiba, ilifunguliwa hapo bustani ya ukumbusho wa taifa wa wachimbaji wa Wales.

Nasi tusiseme kwamba hayo ni ya Wazungu tu. Makaa ya mabonde hayo ya Wales yalipakiwa katika bandari ya Cardiff, na waliokuwa wakiyalisha katika matanuri ya meli, katika joto lisiloelezeka, wengi walikuwa mabaharia wa Kiyemeni na wa Kisomali, ndugu zetu wa bahari hii ya kwetu. Ndipo Cardiff ikawa mojawapo ya miji ya Uingereza yenye Waislamu wa zamani sana. Meli za makaa ndizo zilizowachukua mahujaji wengi kwenda Jeddah. Na barani kwetu Afrika, tarehe 6 Juni 1972, mgodi wa makaa wa Wankie, ambao leo huitwa Hwange nchini Zimbabwe, ulilipuka ukaua watu 427, na wengi wa marehemu hao hawakutolewa tena.

MZEE AONGOZAYE

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naliona kuwa ndilo kiini. Kuna nyumba nyingi za namna hii huko Ulaya. Huko Blaenavon, katika Wales, mgodi uliofungwa mwaka 1980 ulianza kupokea wageni mwaka 1983, nao hushushwa mita 90. Mwaka 2000 nchi ile yote ya migodi ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Huko Bochum, Ujerumani, yako makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1930, na chini yake pamechimbwa njia za mfano ili watu waone kazi ilivyokuwa. Lakini nyumba kubwa na vyombo vizuri si kitu kama hakuna wa kuvisemea. Katika Caphouse na Blaenavon, waliowaongoza wageni tangu mwanzo ni wachimbaji wenyewe, watu waliolipwa mshahara kwa kuchimba, kisha wakalipwa kwa kusimulia. Mzee wa namna hiyo hasomi maandishi ya ukutani. Akigusa nguzo, aeleza sauti gani hutoka kwenye mti kabla mwamba haujashuka. Mtoto akimwuliza walikuwa wakijisaidia wapi, humjibu bila ya kuona haya.

Na watu hao wanapungua. Mgodi wa mwisho wa makaa wenye kina kirefu nchini Uingereza, ule wa Kellingley, ulifungwa Desemba 2015. Na Ujerumani ilifunga wa mwisho wa makaa magumu Desemba 2018. Kijana aliyetoka shimoni siku hizo akiwa na miaka 20, hatapatikana mwingine wa kumfuata. Ndiyo sababu wanafanya haraka kuandika na kurekodi. Wametambua kwamba chombo chaweza kungoja katika kabati miaka 100, lakini kumbukumbu ya mzee haingoji.

KWETU MARA

Tanzania ina makaa ya mawe. Huko Kiwira, kusini magharibi ya nchi, uliwahi kujengwa kwa msaada wa China mgodi wa makaa wa chini kwa chini ulioanza kazi mwaka 1988. Na huko Ngaka, wilaya ya Mbinga, makaa huchimbwa. Lakini sisi wa Mara jiwe letu ni dhahabu. Wazee wanakumbuka migodi ya Buhemba na Kiabakari ya zama za Waingereza, na ng'ambo ya mpaka, Migori, ulikuwako mgodi wa Macalder. Kiabakari ulifungwa mwaka 1966. Hapa kwetu Tarime, mgodi mkubwa wa North Mara ulianza mwaka 2002 kwa mashimo ya wazi, na tangu mwaka 2015 ukaanza pia kuchimba chini kwa chini pale Gokona. Nyamwaga, yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, haiko mbali na mashimo hayo, na hakuna nyumba hapa isiyokuwa na mtu wake katika kazi za dhahabu: mwenye kuajiriwa, mwenye kuuza chakula, au mwenye kushuka katika maduara ya wachimbaji wadogo.

Basi tuulize kama kijana wetu alivyouliza: tumehifadhi nini? Dodoma, katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, kuna makumbusho ambamo mtu huonyeshwa mawe na madini ya nchi hii, na ni jambo la kusifiwa. Katika majumba ya sarafu ulimwenguni huonyeshwa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ambayo Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916, katika vita, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina picha ya tembo na mlima nyuma yake. Jiwe limehifadhiwa, na sarafu imehifadhiwa. Aliyeshuka kulitoa jiwe hilo hayumo.

Karibu na nyumbani kwangu yuko mzee aliyechimba kwa mikono tangu ujana wake, kabla ya kampuni kubwa kufika. Ana mtarimbo ulioliwa hata ukawa mfupi, ana karai lililotoboka, na ana kikohozi ambacho mapafu yaliyojaa vumbi la mwamba hayakiachi. Baada ya kuisoma ile barua nilikwenda na daftari, nikamwomba anitajie wenzake waliofia shimoni. Alinitajia saba. Wanne aliwajua kwa majina yao na ya baba zao na vijiji vyao. Watatu aliwajua kwa lakabu tu, kwa sababu shimoni watu huitana kwa lakabu, na mtu akija kutoka mbali hakuna amwulizaye ukoo. Mmoja wa hao watatu hakutolewa. Shimo lilijifunga juu yake na wenzake wakahamia jingine. Pengine mama yake alimngoja mpaka akafa, akidhani mwanawe amepata mali akawasahau.

Nasi twajua kwamba mambo haya si ya zamani tu. Oktoba 2015, huko Nyangarata, wilaya ya Kahama, duara lilianguka likawafungia wachimbaji. Na watu walipokuwa wamekwisha kukata tamaa, watano walipatikana hai baada ya siku 41, walizoishi kwa kula mizizi, mende na vyura na kunywa maji yaliyodondoka mwambani. Machi 2008, huko Mererani, mvua ya usiku iliyajaza mashimo ya tanzanite maji, na makumi ya watu wakafa, kama wale watoto wa Silkstone walivyokufa kwa mvua miaka 170 kabla yao. Januari 2024, huko Ng'alita, wilaya ya Bariadi, kifusi kiliwaua wachimbaji wa dhahabu zaidi ya 20. Msiba uliosahauliwa hurudi ukiwa na sura ile ile, kwa kuwa hakuna aliyesimama mlangoni pa shimo kumwambia kijana, "Mvua ya namna hii iliwaua wenzako, leo usishuke."

YANAYOTUPASA

Wako watakaosema: Kijiji kitajengaje makumbusho na zahanati haijatosha? Na wengine watasema kwamba kuwahesabu maiti ni kuwatisha vijana wasitafute riziki. Hawa wote wana hoja, nami nawajibu hivi. Riziki ya mchimbaji ni riziki ya heshima, tena ya jasho kuliko nyingi. Na makumbusho ya makaa hayamtukani mchimbaji, bali humpa heshima ambayo wenye kuota moto wake hawakumpa. Wala siombi jumba. Naomba mambo manne ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya kabla ya mwezi ujao.

Kwanza, watoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mgodini mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Mimi mwalimu sihitaji kuambiwa kwamba duara fulani limetema. Nayajua kwa mikeka inayobaki mitupu chuoni asubuhi hiyo. Nawafahamu wazazi ambao fedha ya mtoto imewanunulia unga. Lakini nawaomba wamkumbuke yule mtoto wa mlangoni, aliyekaa gizani saa 12, na nyumbani wakamhesabia kwamba amesaidia.

Pili, kijana mzima akiaga kwamba anakwenda duarani, asiagwe kwa dua peke yake. Aulizwe: Matimba ya shimo hilo hukaguliwa na nani? Hewa yaingiaje huko chini, na kama njia moja ikiziba, iko nyingine? Mvua ikinyesha, ni nani mwenye amri ya kuwatoa watu? Na je, yuko mtu wa juu anayeandika waingiao na watokao? Kipande cha shaba cha Waingereza hakikuwa elimu kubwa. Daftari la shilingi chache na kalamu vyafanya kazi hiyo hiyo. Duara lisiloandika majina ya wanaoshuka, maana yake limekwisha kukubali kuwapoteza.

Tatu, mapatano yaandikwe. Twajua jinsi kazi hii inavyokwenda: yuko mwenye leseni, yuko mwenye duara, yuko anayetoa chakula na vifaa, na yuko mchimbaji ambaye ujira wake ni fungu la mifuko ya mawe siku mbale itakapopatikana. Mchimbaji akifa kabla ya siku hiyo, mkewe ataonyesha nini? Aliyeajiriwa kwa mkataba, wategemezi wake wana mlango wa kubisha, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Asiye na karatasi atathibitisha kwa ushahidi gani? Basi nyumbani iwepo karatasi inayosema: nachimba katika duara la fulani, fungu langu ni kadha, nadai kadha, nadaiwa kadha. Kuandika deni na haki ni adabu tuliyofundishwa zamani, na hakuna anayeihitaji kuliko mtu anayeshuka chini ya mwamba kila siku.

Nne, wazee waulizwe wangali hai. Kila nyumba yenye mchimbaji mzee itafute daftari, na mjukuu anayejua kuandika aketi naye alasiri mbili au tatu. Aandike shimo liliitwaje na lilikuwa wapi, waliingia kwa kamba au kwa ngazi, waliwasha taa gani, nani alifariki, ametoka ukoo gani, amezikwa wapi, au hakuzikwa. Mtarimbo na karai visiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Vifungwe pamoja na daftari, viandikwe jina la mwenyewe. Leo itakuwa mzigo mdogo juu ya dari. Siku halmashauri au mfadhili atakapotaka kujenga nyumba ya ukumbusho, ataweza kununua saruji na mabati, lakini majina hayo hatayapata dukani.

Na kwenu ninyi mlio Uingereza, Ujerumani na kwingineko, mlio karibu na nyumba hizo za makaa: wapelekeni watoto. Wavae viatu vigumu, washuke, na taa zikizimwa wasiogope kuuliza. Mwulizeni mzee aongozaye jinsi walivyoanza kukusanya habari, ni nani aliyeandika daftari la kwanza, na vitu vya kwanza walivipata kwa nani, kisha mtuandikie. Hiyo ni hawala ambayo haitozwi ada.

Kwangu, daftari lina majina saba, matatu yakiwa na lakabu peke yake. Yeyote miongoni mwa wasomaji aliyepotelewa na ndugu katika machimbo ya Tarime miaka ya kabla ya 2002, na amlete habari zake kwa mwalimu wa chuo kilicho karibu naye, au kwa mwenyekiti wa kijiji, ziandikwe. Huenda lakabu moja ikapata jina lake na ukoo wake, na mwenye kumwombea akajua anamwombea nani.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awarudishe salama walioshuka leo. Wassalaam.